Gari Lililotoka Bila Kupimwa

Isihaka Bushiri hakupima tairi kwa macho, wala hakuziamini namba zilizochapwa ubavuni mwake. Kwanza aliyajaza upepo matairi yote manne kwa kipimo kimoja. Kisha alimtaka dereva apakie mzigo wake wote, kwa sababu tairi lenye mzigo hubonyea, na likibonyea mzunguko wake hupungua. Baada ya hapo alichora mstari wa chaki kwenye tairi, pale linapogusa sakafu, na mstari mwingine sakafuni. Gari lilisukumwa polepole mpaka chaki ya tairi irudi chini, naye akachora mstari wa tatu. Nafasi kati ya mistari miwili ya sakafuni aliipima kwa futi kamba ya mshona nguo. Alifanya hivyo kwa kila tairi, mara nne kwa gari moja. Ilimchukua nusu saa, na madereva waliichukia nusu saa hiyo.

Alijifunza kazi hiyo jeshini, Burma, katika karakana iliyotengeneza magari yanayosukumwa na magurudumu yote. Mwaka 1953 alipoajiriwa na Harilal, mfanyabiashara wa Mbeya, alimwambia siku ya kwanza kabisa kwamba hapana Landrova itakayotoka katika karakana ile kabla hajaipima. Harilal alikuwa na Landrova tatu. Zilipeleka unga, sukari, sururu na mafuta ya taa kwa wachimba dhahabu wa Chunya, na wakati wa kurudi zilichukua abiria. Alikubali. Mwaka wa kwanza baada ya hapo hazikukatika shafti, na Harilal akawa anawasimulia wageni wa dukani habari za fundi wake wa chaki.

Madereva wengi wa barabara ya Iringa walikuwa wametoka kwenye malori, na malori yana desturi yake. Injini ya lori husukuma magurudumu ya nyuma tu. Ya mbele hufuata. Kwa hiyo tairi zima hufungwa nyuma, lililokwisha hufungwa mbele, na dereva akipata matairi makubwa zaidi huyafunga nyuma ili gari lishike mlima. Katika lori desturi hiyo haina madhara. Katika Landrova ina madhara makubwa. Dereva akikibonyeza kile kitufe cha manjano kilichoko karibu na mguu wake, magurudumu ya mbele nayo hufungwa kwenye giaboksi ile ile. Tangu hapo manne yote lazima yazunguke sawa.

Isihaka alikuwa na hesabu ya kuwafahamisha. Tairi la mia sita kumi na sita, yaani mia sita ya unene na kumi na sita ya rimu, likiwa bado jipya, huenda futi saba na inchi sita kwa mzunguko mmoja. La mia saba kumi na sita huenda futi nane. Rimu ni ile ile, na mtu asiyejua huliona jambo dogo. Lakini katika maili moja tairi dogo huzunguka mara mia saba na nne, na kubwa mara mia sita na sitini. Tofauti ni mizunguko arobaini na minne kwa kila maili. Penye tope tofauti hiyo hupotelea kwenye kuteleza. Penye mwamba haina pa kupotelea. Inabaki kwenye chuma, ambacho hujipinda na kujipinda mpaka kitu fulani kikatike.

Dereva mmoja aliijua hesabu hiyo kwa moyo. Jina lake Saulo, Mhehe wa upande wa Kalenga, aliyeacha lori na kuingia kwa Harilal mwaka mmoja baada ya Isihaka. Baba yake Isihaka alikuwa Mngoni aliyehamia Iringa kutoka Songea akiwa kijana, akaoa huko. Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zao walipopigana, na watu hawa wawili hawakupoteza hata siku moja ya utani wao.

"Mtumwa wangu, umeamkaje?" Saulo aliuliza kila asubuhi, akiwa bado mlangoni.

"Nimeamka vizuri kuliko mateka wa babu yangu. Sogeza gari."

"Nisogeze mimi? Nilikununua ili nisukume gari mwenyewe?"

"Hukuninunua. Babu yako alikimbia na deni."

Saulo alisukuma gari, na Isihaka akachora chaki. Saulo aliweza kuichukua kofia ya Isihaka kichwani akaondoka nayo mpaka Chunya, na Isihaka aliweza kuingia nyumbani kwa Saulo akala kilichokuwa chunguni bila kuuliza. Hayo ndiyo mambo ya watani, na hapana aliyenuna. Kila Isihaka alipokwenda Iringa kwao, alifika mpaka kijijini kumwamkia mama yake Saulo, naye kikongwe yule alimtukana kwa furaha na kumpikia.

Januari 1957 Harilal aliamua kufungua karakana ya pili, Iringa. Alimwita Isihaka dukani, akamkalisha kwenye kiti cha wageni, akamwambia kwamba baada ya Idi atakwenda kuisimamia yeye. Isihaka alipeleka habari hiyo Iringa kwa mama yake. Bi Waridi alikuwa mjane, ana jicho moja tu linaloona, anaishi peke yake mtaa wa Mlandege katika nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha pili alikuwa akikipangisha. Siku alipopata habari alimwomba mpangaji wake atafute mahali pengine, akakipaka chokaa, akakifunga kwa kufuli akiwangojea mwanawe na mkwewe Siwema. Kwa miezi mitatu hakupokea mpangaji, ingawa walikuja wawili kuuliza.

Mwezi wa Machi, masika yalipokuwa yamekolea, Saulo alirudi kutoka Iringa Alhamisi jioni. Kule alikuwa amekutana na dereva wa pikapu ya shamba moja la tumbaku, akamwonea wivu kwa matairi yake. Yalikuwa ya mia saba, meno marefu, hayajamaliza hata mwezi. Wakakubaliana kubadilishana mawili kwa mawili mpaka mvua ziishe, kama madereva wafanyavyo. Saulo akayafunga nyuma. Baadaye alimwambia Isihaka kwamba kwa wakati ule alidhani anamfanyia tajiri wema, maana mlima wa Chunya ulikuwa umeanza kuyashinda magari.

Ijumaa adhuhuri Isihaka aliweka chaki yake juu ya dirisha, akaenda msikitini. Harilal alikuwa na haraka. Jumapili walikuwa wanakuja wageni kutoka Dodoma kumposa binti yake Kanta, naye alitaka kwenda Chunya na kurudi Jumamosi. Saulo alileta gari mbele ya duka likiwa limekwisha kupakiwa.

"Fundi amepima?" Harilal aliuliza.

"Amepima, tajiri. Kabla hajaenda kuswali."

Walifika Chunya salama. Njia yote ilikuwa tope, na magurudumu yaliteleza kadiri yalivyohitaji kuteleza. Jumamosi walipokuwa wanapanda kurudi, Saulo hakukitoa kile kitufe cha manjano tangu chini mpaka karibu na kilele, ambako mvua ilikuwa imeosha udongo wote na kuacha mwamba mtupu. Shafti ya nyuma ilikatika kwa mlio mmoja. Saulo alijaribu kulivuta gari kwa magurudumu ya mbele peke yake, na meno ya giaboksi nayo yakavunjika.

Harilal alikaa mlimani usiku mbili, ndani ya gari, kwenye baridi ambayo watu wa Chunya huizungumza kama habari ya nchi nyingine. Saulo alitoka kwa miguu Jumapili alfajiri kwenda kutafuta msaada, akaingia Mbeya alasiri, nyayo zimechubuka. Udongo ulikuwa umeporomoka barabarani, na gari la msaada halikuweza kumfikia tajiri mpaka Jumatatu. Wageni wa Dodoma walimngojea Jumapili nzima, wakanywa chai, wakaondoka. Habari za posa hazikusikika tena.

Jumatatu alasiri gari lilikokotwa mpaka karakana. Isihaka aliona matairi ya nyuma kabla halijasimama. Hata hivyo alichukua futi kamba akapima, kwa sababu hakuwa na desturi ya kusema jambo ambalo hakulipima. Nyuma futi nane. Mbele futi saba na inchi sita. Harilal alisimama karibu yake, amejifunga blanketi mabegani. Saulo alisimama upande wa pili wa gari.

"Nyuma namba gani?" Harilal aliuliza.

"Mia saba, tajiri."

"Na mbele?"

"Mia sita."

"Nani amefunga hivi?"

Isihaka alimtazama Saulo, akimwachia nafasi ajibu mwenyewe. Saulo alikuwa anaitazama jeki.

"Mimi naendesha nilichofungiwa, tajiri," alisema. "Fundi alifunga yale, akapima, akaniambia tayari."

Isihaka akacheka.

Alicheka kwa sababu kwa miaka mitatu kila uongo uliotoka katika kinywa kile ulikuwa utani, na baada ya kila uongo kulikuwa na kicheko. Alingoja Saulo ainue macho. Kwa muda wote huo wa kungoja, na haukuwa mfupi, Harilal aliona fundi wake ametoa meno mbele ya gari lililovunjika.

"Unacheka?"

"Huyu mtani wangu, tajiri. Ananitania."

Harilal akageuka. "Saulo, unatania?"

"Kwa jambo kama hili, tajiri? Sitanii."

Ndipo Isihaka alipoacha kucheka. Alieleza kwamba Ijumaa alikuwa msikitini, kwamba gari lile hakuliona tangu lirudi kutoka Iringa, kwamba matairi ya mia saba hayamo hata stoo. Harilal alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri yake, na alitaka kusikia hoja.

"Fundi, kila Ijumaa wewe uko msikitini, na kila Ijumaa magari yanatoka," alisema. "Miaka minne umeniambia hapana gari hutoka bila chaki yako. Mimi nimewaambia watu wote. Sasa unaniambia hili lilitoka bila chaki. Basi ulinidanganya zamani, au unanidanganya leo. Niambie ni lini."

Sifa aliyoijenga Isihaka kwa nusu saa baada ya nusu saa ndiyo iliyomfunga. Angekuwa fundi mzembe, kila mtu angeamini kwamba gari lilimpita. Na tena, aliyetembea kwa miguu mpaka nyayo zikachubuka hakuwa yeye.

Hakufukuzwa. Harilal aliajiri fundi mwingine kutoka Dodoma wa kukagua magari, na Isihaka akapewa kazi ya kuziba pancha. Idi ilipokwisha, aliyepelekwa Iringa kusimamia karakana mpya alikuwa Saulo.

Kabla ya kuondoka, Saulo alikuja nyumbani kwa Isihaka bila kubisha hodi, kama ilivyokuwa kawaida yake, akaketi kwenye mkeka. Siwema alimwekea chai, akaingia ndani, akabaki nyuma ya pazia.

"Mtumwa wangu, bado umenuna?" Saulo alisema. "Mtani hanuni."

"Sema ulivyofanya."

Saulo alisema yote: pikapu ya tumbaku, mabadilishano, jibu alilompa tajiri mbele ya duka. Hakuficha. "Ningesema kweli ningefukuzwa siku ile ile, na leseni ningenyang'anywa. Wewe una mikono. Nilijua hatakufukuza. Hakukufukuza, au siyo?"

"Mama yangu alikuwa ananingoja."

"Najua. Nitakuwa napita Mlandege. Nitampelekea sukari."

Isihaka alimtazama mtu huyu, ambaye alikuwa anasema hivyo kwa nia njema kabisa. "Usipite," alisema.

"Basi nitukane. Nitukane nisikie, tuyamalize."

Isihaka hakumtukana. Saulo alimaliza chai yake na kuondoka, na safari hii hakuchukua kofia.

Siwema alitoka nyuma ya pazia. "Kesho nenda naye kwa tajiri, aseme hivi hivi."

"Atasema alikuwa anatania."

Bi Waridi aliarifiwa. Alijibu kwa mkono wa mwandishi wa barua wa sokoni kwamba yeye mzima, kwamba chumba amempa mwalimu wa kike, na kwamba chokaa bado nzuri. Hakuuliza kitu.

Agosti ikaja habari kwamba mama yake Saulo amefariki. Desturi iko wazi: nyumba yenye msiba haianui tanga vizuri bila mtani. Mtani huwafanyia vituko wafiwa ili wacheke. Huvaa nguo za marehemu, hulala mlangoni akadai apewe kuku ndipo anyanyuke, hutaja mabaya ya marehemu na ya watoto wake mmoja mmoja, na hapana anayeruhusiwa kukasirika. Isihaka alisema haendi. Siwema akamwambia, "Aliyekufa hakukukosea. Umekula ugali wake." Akaenda, juu ya lori la mahindi, siku moja na nusu.

Watu walikuwa wengi. Harilal alikuwepo pia, amekuja kwa heshima ya msimamizi wake wa Iringa, amekalishwa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Isihaka alivaa kanga ya kikongwe, akalala mlangoni, akamwigiza marehemu alivyokuwa akimwita mbwa wa Songea. Wanawake waliokuwa wakilia tangu asubuhi walianza kucheka. Alifanya kazi hiyo kama alivyofanya kazi zake zote, hatua kwa hatua, hakuruka kitu. Kisha akasimama.

"Huyu mama alizaa watoto sita," alisema. "Watano watu. Wa sita ni mwongo." Wakacheka. "Alichukua matairi ya mia saba kwenye pikapu ya tumbaku, akayafunga nyuma ya Landrova ya tajiri wake. Tajiri akamwuliza, fundi amepima? Akasema amepima. Shafti ikakatika. Tajiri akalala mlimani mpaka posa ya binti yake ikapotea. Akamwuliza, nani alifunga? Akasema, fundi. Leo fundi anaziba pancha, na mwongo ana karakana. Mama, ondoka na mtoto wako, huku hatumtaki."

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya siku hiyo. Saulo mwenyewe alicheka, mkono usoni, mabega yakitikisika, na aliyekaa mbali asingeweza kusema kama ni kicheko tu. Harilal hakucheka. Aliinama kumwuliza mzee aliyekaa karibu yake, na Isihaka alisikia swali na jibu.

"Anasema kweli huyu?"

"Ni mtani, tajiri. Kazi yake hiyo. Usimsikilize, atakutukana hata wewe."

Harilal akatabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyeeleweshwa mila ya watu, akaegemea tena kiti chake.

Mwisho wa shughuli wafiwa walileta haki ya mtani: jogoo mmoja na bakuli la unga. Isihaka aliivua kanga ya marehemu, akaikunja vizuri. Jogoo akamweka chini pale mlangoni, unga akauweka kando yake, akaondoka. Vijana walidhani ni kituko kingine, wakapiga makofi. Wanawake wazee hawakupiga. Mtani anayekataa haki yake amejitoa katika utani, na hao walilijua jambo hilo.

Aliporudi Mbeya aliacha kazi kwa Harilal. Alijenga banda Iyunga, kando ya barabara kuu, akamwaga saruji sakafuni kabla hajaweka paa, kwa sababu chaki haitoi mstari mzuri kwenye udongo. Wenye Landrova waliokwenda Chunya walianza kupita kwake, wachache kwanza.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, Saulo alisimamisha gari mbele ya banda hilo. Alikuwa anakwenda Chunya mwenyewe, kupeleka vifaa. Alishuka, akasimama mlangoni.

"Mtumwa wangu, umeamkaje?"

"Salama, Bwana Saulo," Isihaka alisema. "Karibu. Habari za Iringa?"

Saulo alingoja atukanwe. Isihaka alijaza upepo matairi manne, akachora, akasukuma gari peke yake bila kuomba msaada, akapima mara nne. Alimwambia kwamba tairi la mbele kushoto limepungua inchi moja na nusu, na kwamba akitumia la akiba yatalingana. Akalibadilisha, akapima tena.

"Tayari, bwana," alisema. "Safari njema."

Saulo bado alisimama kidogo, ametega sikio. Kisha akapanda gari.